Kompyuta za Madrasa na Flashi ya Marehemu



Mwishoni mwa mwaka 2025, katika mkutano wa wazazi wa madrasa yetu na shule iliyoshikamana nayo hapa Mombasa, tulisimama mbele ya watu tukatangaza mchango. Kila mzazi alitakiwa atoe shilingi 1,500 kwa kila mtoto, ili shule inunue kompyuta mpya. Tulisema maneno mengi juu ya elimu na zama hizi, na twakiri kwamba baadhi yake tuliyapenda sana yalipokuwa yakitutoka. Tulipokaa, akasimama mama mmoja aliyekuwa nyuma kabisa upande wa wanawake, amebeba mtoto. Twamjua vyema, kwa kuwa mumewe alikuwa baharia, nasi ndio tuliomsalia jeneza. Ana watoto watatu kwetu, na hesabu ya tatu mara elfu moja na mia tano haitaki kompyuta.

Akasema: "Maalim, niwie radhi. Hizo tulizo nazo zina maradhi gani?"

Tukamjibu: "Zimezeeka, mwanangu."

Akasema: "Cherehani yangu ni ya marehemu nyanya, Maalim. Yatiwa mafuta, yashona."

Watu walicheka, nasi tukacheka pamoja nao, lakini tulipofika nyumbani usiku ule usingizi haukuja upesi. Kuzeeka si maradhi. Sisi wenyewe tumepita hamsini, na hatujaona mtu akichangisha fedha za kutafuta imamu mpya.

Kompyuta zetu ni 14. Zilikuja kama sadaka kutoka ofisi moja iliyokuwa ikibadilisha vyombo vyake. Tisa kati yake ni za zile prosesa za Intel ziitwazo Core 2 Duo, ambazo zilianza kuuzwa mwaka 2006, na kila moja ina gigabaiti 2 tu za kumbukumbu, yaani RAM. Tano zilizobaki ni afadhali kidogo, zina gigabaiti 4. Zilipokuwa zikiwashwa, mwalimu aliweza kwenda kutawadha, akasali rakaa mbili, akarudi na kukuta duara dogo lingali lazunguka katika kioo. Somo la dakika 40 lilikuwa ni somo la dakika 25, na watoto watatu wakigombea kiti kimoja.

Dada yetu ana binti anayesomea mambo ya kompyuta chuoni. Tulimwita, akaja siku ya pili baada ya Adhuhuri, akavua viatu mlangoni, akakaa mbele ya mashine moja hadi nyingine kwa muda wa saa nzima bila kusema neno. Kisha akatugeukia.

"Mjomba, hizi hazina maradhi. Zimebebeshwa mzigo usio wao."

Akatueleza kwa mfano ambao twaukariri kila siku. RAM ni mfano wa jamvi. Ukitandika jamvi la watu wanne ukawaita watu ishirini, si kosa la jamvi kwamba watu wanakanyagana. Ule mfumo wa Windows wenyewe hutaka nafasi kubwa ya jamvi kabla mtoto hajafungua chochote. Kisha yaja programu ya kuzuia virusi nayo yadai nafasi yake. Kisha yaja masasisho. Mtoto akifungua ukurasa wa kuandika, hakuna tena pa kukaa. Na juu ya hayo, mfumo uliokuwa katika zile tisa ulikuwa ni Windows 7, ambao wenyewe waliautengeneza waliacha kuutibu tarehe 14 Januari 2020. Uliokuwa katika zile tano ni Windows 10, nao muda wake ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025, wiki chache tu kabla ya mkutano wetu. Huo wa 11 kwa masharti yake rasmi wataka RAM isiyopungua gigabaiti 4 na kijisehemu maalumu cha usalama kiitwacho TPM 2.0, ambacho zetu hazina. Maana yake, mwenye mashine kongwe aambiwa akanunue nyingine.

Hapo tulidhani tumepata jibu la kumpa yule mama. Lakini mpwa wetu hakuwa amemaliza.

"Na hizi Windows, Mjomba, zilinunuliwa?"

Tulinyamaza. Zilikuwa ni nakala. Fundi aliyeziweka alikuja na diski yake na ufunguo wa bandia, tukamlipa ujira wake, tukampa na chai. Hatukumuuliza alikozitoa kwa sababu tulilijua jibu. Nasi ndio hao hao tulioketi barazani mara ngapi tukiwafundisha watu amana, tukawaambia kwamba muuza mapapai apunguzaye mizani hali halali. Jambo hili si la ijitihadi ya juzi. Baraza la Fiqhi la Kiislamu la kimataifa lilipokutana Kuwait mwaka 1988 lilikubali kwamba haki za mtunzi na mvumbuzi ni haki zinazolindwa na sharia, na haijuzu kuzichezea. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 nayo yahesabu programu ya kompyuta kuwa ni kazi yenye mwenyewe, kama vile kitabu. Tulizijua zote mbili. Tulikuwa tumezisoma kama mambo yanayowahusu watu wengine.

Tukamwambia: "Basi tufanyeje? Fedha za leseni kumi na nne hatuna."

Akatoa flashi mkobani. "Yupo mfumo mwingine, Mjomba. Hauulizwi leseni ya kununua."

Na hapa twakiri kosa la pili. Tuliposikia kwamba ni wa bure, moyo wetu uliudharau. Twajua kwa uzoefu kwamba cha bure aghalabu kina mkia. Tukamtaka atueleze ni nani aliyeufanya na anafaidika nini, maana mtu hatengenezi kitu kikubwa kisha akakigawa kama kahawa ya maulidi.

Alitueleza hivi. Mwaka 1983 Mmarekani mmoja, Richard Stallman, alitangaza kazi ya kutengeneza mfumo ambao kila mtu atakuwa huru kuutumia, kuuchungua ulivyoundwa, kuurekebisha na kumpa jirani. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, huko Ufini, aitwaye Linus Torvalds, akatoa kiini cha mfumo, ndicho kiitwacho Linux. Viwili hivyo vikakutana, na maelfu ya watu duniani wakaendelea kuviongezea. Wengine hulipwa na makampuni kwa kazi hiyo kwa kuwa makampuni hayo yenyewe huutegemea. Simu za Android tulizo nazo mikononi zina Linux ndani yake, wala hatukuwahi kuogopa. Kisha mwaka 2004 Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini, akaanzisha mkusanyo uitwao Ubuntu. Neno hilo kwetu halihitaji mfasiri: ni utu, kwa lugha za ndugu zetu wa kusini. Tawi lake jepesi, lililofanywa kwa ajili ya mashine dhaifu kama zetu, laitwa Lubuntu.

Lakini kilichotushika sana ni masharti yake. Sehemu kubwa ya programu hizi imefungwa kwa leseni iitwayo GPL, ambayo Stallman aliiandika mwaka 1989. Yasema kwa ufupi kwamba ukipokea uhuru huu, nawe ukaugawa mfumo kwa wengine, hata kama umeuboresha, huna ruhusa ya kuwanyima uhuru ule ule uliopewa. Tulipolisikia hilo tulisema: huu ni mfano wa wakfu! Mtu achimba kisima kwa ajili ya wapita njia. Ajaye baadaye aweza kukijengea ukuta na kukiwekea ndoo nzuri, lakini hawezi kukifunga kufuli akasema ni changu. Mfano huo haukamiliki, nasi kwa kuwa ni watu wa fiqhi twapenda kulisema hilo wazi. Wakfu hauuzwi, na programu hizi kuziuza si haramu kwa masharti yake, almuradi uhuru wa mnunuzi ubaki. Hata hivyo, tangu hapo hatukuliona tena kuwa ni jambo geni.

Ikabaki kujaribu. Uzuri wa mfumo huu ni kwamba waweza kuuonja bila kuuweka. Mpwa wetu alichomeka flashi yake, akaiwasha mashine mbovu kuliko zote huku akibonyeza kitufe cha F12, akachagua, na baada ya kitambo Lubuntu ukafunguka kutoka katika ile flashi, bila kugusa chochote kilichokuwa katika diski. Tulishika kipanya kwa mkono wetu. Kishale kilikwenda tulikotaka, wakati tulipotaka. Ni jambo dogo, lakini aliyewahi kutumia mashine zetu atatuelewa.

Ndipo tulipoikumbuka flashi nyingine.

Madrasa yetu ilikuwa na Maalima aliyewafundisha akina mama kila Alkhamisi kwa miaka 19. Wengi wenu mnaosoma hapa mmepita mikononi mwake, na jina lake hatulitaji kwa kuwa yeye mwenyewe hakupenda kutajwa. Miaka yake ya mwisho alijifunza kupiga chapa kwa vidole viwili, akawa ayaandika masomo yake yote: twahara, malezi, haki za mke, mirathi. Alipofariki, baada ya hitma, bintiye alituletea flashi yake na kutuomba tumtolee yaliyomo. Tuliichomeka katika kompyuta ya ofisi. Badala ya mafaili tukaona vijialama vya njia ya mkato. Kila tukifungua kimoja, hakuna kitu. Fundi akasema ni virusi, na flashi ifutwe ili angalau itumike tena. Tukamwita yule binti tukamwambia: mwanangu, vimepotea, mtake subira Mwenyezi Mungu. Alilia mbele yetu. Flashi hatukuifuta, wala hatujui kwa nini. Tuliitia katika mtoto wa meza pamoja na risiti za maji.

Tukaenda kuileta. Mpwa wetu akaichomeka, akafungua, na mbele ya macho yetu yakatokea makabrasha 11, kila moja na jina lake. Hatukusema kitu. Yeye akaeleza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeeleza namna ya kuwasha jiko, kwamba virusi vya aina ile havifuti. Huyatia mafaili alama ya kufichwa ambayo Windows huitii, na kuweka alama za uongo mahali pake. Linux haiijali alama ile, basi huonyesha kila kilichopo. Na virusi vyenyewe tuliviona hapo pia, faili dogo limelala, halina pa kushika kwa kuwa liliundwa kwa ajili ya Windows.

Kabrasha la tisa lilikuwa na jina hili: "Maswali waliyoona haya kumuuliza Sheikh."

Sheikh mwenyewe ndiye sisi. Miaka 19 tulikaa upande wa pili wa pazia, tukidhani kwamba wasipouliza ni kwa kuwa wamefahamu. Mpwa wetu alitutazama kuona kama tutasema afungue. Tukamwambia asifungue. Halikuwa letu. Alinakili yote katika flashi mpya, tukampigia simu binti wa marehemu.

Akasema: "Maalim, si ulinambia vimepotea?"

Tukasema: "Tulisema tusilolijua, mwanangu. Utuwie radhi."

Kazi ya kubadilisha mashine zote ilichukua Jumamosi mbili. Waliofanya ni mpwa wetu na wasichana watatu wa Gredi ya 9 waliojitolea. Wavulana walikuja walipoona kuna sambusa. Kanuni ya kwanza aliyowafundisha ni kwamba hakuna kufuta mpaka kila kilichomo kiwe kimenakiliwa mahali pengine na kufunguliwa kuhakikishwa, maana mfumo mpya ukichukua diski nzima, cha zamani hakirudi. Twaisisitiza kanuni hii kwa wakuu wa shule watakaotaka kuiga. Sisi tulishawahi kusema "vimepotea" mara moja, inatosha.

Hatutaki kumpa msomaji asali tupu. Mashine moja haikuwaka kabisa, na mpaka leo i wazi mezani, watoto huitumia kujifunza viungo vya ndani. Saba zilikuwa zimefiwa na ile betri ndogo ya duara inayoshika saa. Kila zikizimwa zilirudi miaka ya nyuma, na kivinjari kikakataa kufungua tovuti kwa kuwa tarehe hazikulingana. Betri hizo ni za bei ya andazi na chai. Printa yetu ilikataa katakata. Hakuna aliyeitengenezea kiunganishi cha Linux, na tumekubali kwamba mitihani itachapishwa dukani mpaka tupate nyingine. Katika zile za gigabaiti 2, Firefox hufunguka, lakini ukifungua kurasa nne kwa pamoja mashine huanza kupumua kwa shida. Mashine kongwe ni kongwe. Kilichobadilika ni kwamba sasa zafanya kazi iliyo kadiri yake.

Walimu ndio waliotutaabisha zaidi. Mwalimu mmoja wa hesabu, ambaye twamheshimu, aligoma wiki nzima kwa kuwa Word haimo. Iliyomo ni LibreOffice, nayo hufungua na kuandika mafaili ya Word, ingawa jedwali zake zenye mapambo mengi huvurugika. Alikubali siku alipoonyeshwa kwamba menyu zake zaweza kuwa kwa Kiswahili. Jambo hilo lina historia ya kutufurahisha: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika kufasiri programu iliyotangulia hiyo, OpenOffice, na mwaka 2004 ikatoka kwa jina la Jambo OpenOffice. Yaani jirani zetu walikuwa wamekwisha kutuandalia chakula, sisi twalia njaa kwa miaka ishirini.

Kuhusu Kiarabu, tulikuwa na hofu, kwa kuwa madrasa isiyoandika Kiarabu si madrasa. Mpwa wetu alituwekea herufi ziitwazo Amiri, zilizochorwa na Mmisri Khaled Hosny kwa kufuata naskhi ya matbaa ya Bulaq ya Cairo, nazo pia ni huria. Wenye vitabu vya kale vya Bulaq nyumbani wataitambua sura yake mara moja. Tulipoiona irabu ya kasra imekaa mahali pake chini ya herufi bila kupanda juu ya nukta, tulimwombea dua mtu tusiyewahi kumwona.

Wadogo wana Tux Paint ya kuchora na GCompris ya hesabu na herufi. Wakubwa wana Wikipedia ya Kiswahili nzima ndani ya mashine kwa programu ya Kiwix, husomeka bila intaneti, hata siku ambayo data imekwisha. Katika zile za gigabaiti 4 iko na Stellarium, inayoonyesha mbingu ya Mombasa saa yoyote uitakayo, na watoto wameipenda mno. Ilibidi tuwakanye: programu yatuonyesha pa kutazama, ama mwezi wenyewe wataka jicho, na asije mtu kutuambia Ramadhani imeandama kwenye kompyuta.

Baba mmoja alituuliza, na swali lake ni la haki: mtoto akienda kazini akakuta Windows, atafanyaje? Tulimjibu kwamba anayejua kuandika barua, kupanga hesabu katika jedwali na kutunza mafaili yake hatapotea kwa kuwa kitufe kimehama kutoka kushoto kwenda kulia. Kwa watoto wetu wa msingi na sekondari ya chini twaona hilo latosha. Shule yenye watahiniwa wa somo la kompyuta wanaofundishwa programu maalumu za Windows ina hesabu nyingine, na yafaa ibakishe mashine moja au mbili zenye leseni halali.

Mchango wa shilingi 1,500 tuliufuta. Waliokwisha kulipa tuliwarudishia, tukaomba shilingi 200 kwa kila nyumba, si kwa kila mtoto, tukanunua betri, RAM za mitumba kwa mashine nne, na kipanya sita. Yule mama wa cherehani alikuja kulipa ya kwake, akataka aonyeshwe. Alizunguka chumba kizima, akasimama kwa ile mashine iliyo wazi, akaitazama ndani kwa muda mrefu, akauliza kama ile feni huwa yatiwa mafuta.

Binti wa marehemu amechukua darsa ya mama yake. Alkhamisi baada ya Alasiri chumba cha kompyuta ni cha akina mama. Wanayapiga chapa upya masomo ya Maalima, wakianzia na lile kabrasha la tisa, ili yawe kijitabu. Mlango hufungwa, nasi hatuingii. Wiki iliyopita karatasi moja ilipitishwa chini ya mlango, haina jina, ina maswali manne yaliyopigwa chapa, na chini yake maneno haya: "Maalim, haya tumekubaliana uulizwe." Tumejibu mawili. Mengine mawili bado twafungua vitabu.